Tukijua, Itabidi Tuseme

Land Rover ya anko wangu ilikuwa na adabu zake. Ilichemka mahali pamoja tu. Kwenye foleni ya Waiyaki Way, jua la saa nane, ikae hata saa nzima, hakuna neno. Ukiteremka nayo hadi Mai Mahiu, sawa. Lakini ikirudi na kabichi nyuma, ikipita lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mlima ukikaza, unaanza kusikia harufu ya mpira moto, kisha mvuke, kisha anko anaanza kuitukana kwa lugha mbili. Nimekaa kando ya hilo kanisa mara nyingi kuliko baadhi ya waumini wake.

Mwaka juzi akaamua kuiuza. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, karo ya kwanza inadaiwa, na ile Land Rover ndiyo kitu pekee pale nyumbani ambacho kingeweza kuleta pesa ya maana. Akanipigia simu. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na kabla sijaanza kuishi kwa kuandikia watu makala, nilikaa miezi minane Kangemi nikimshikia fundi mmoja tochi. Katika ukoo wetu hiyo inatosha kumfanya mtu injinia.

“Kuja uiangalie,” anko akasema. “Tujue ni nini inaisumbua, turekebishe kitu kidogo, watu wakuje waione.”

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Alhamisi alikuwa ananiambia niache kuangalia. Maneno aliyotumia siku hiyo ndiyo yaliyonifanya niandike hii makala: “Wewe wacha kupekua. Tukijua, itabidi tuseme.”

Nimeizungusha hiyo sentensi kichwani kuliko kitu chochote nilichofundishwa darasani. Kwa sababu ukiitazama vizuri, ni sentensi ya mtu mwaminifu. Mwongo hahangaiki, anajua na ananyamaza, maisha yanaendelea. Anko hawezi. Ni mzee wa kanisa, mtu wa kurudi dukani kurudisha chenji ya shilingi kumi aliyozidishiwa. Akijua, atasema. Ndiyo maana hakutaka kujua.

Acha nieleze tulifikaje hapo, maana ukitaka kujua mtu alikataa kujua nini, lazima uone ni wapi alisimama.

Gari lenyewe ni 110 ya mwaka wa 1997, dizeli ya lita 2.5, ile injini inayoitwa 300Tdi. Bloku yake ni ya chuma, hedi ni ya alumini, na kati ya hivyo viwili kuna gasketi, karatasi ngumu ambayo kazi yake ni kutenganisha moto, maji na oili visikutane. Mkumbuke hiyo gasketi.

Fundi wangu wa Kangemi alikuwa na swali moja ambalo lazima aulize kabla ya kufungua boneti: inachemka wapi? Ikichemka kwenye foleni na kupoa ikikimbia, shida ni upepo. Feni haivuti, au mapezi ya rejeta yamejaa wadudu na nyasi. Ikichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, shuku themostati iliyokwama ikiwa imefungwa, au maji hayamo kabisa. Ikichemka mlimani na mzigo peke yake, basi injini inatengeneza joto kuliko lile mfumo unaweza kutoa, na hapo orodha ni ndefu, na mwisho wa orodha kuna kitu ambacho hakuna mwenye gari anapenda kusikia jina lake.

Unaanza na cha bei rahisi. Kifuniko cha rejeta. Watu hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike, kumbe kazi kubwa ni kuyabana. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji ya sufuria huchemka kwa kama nyuzi 94, si 100 kama tulivyokariri shule ya msingi. Kule Limuru kwa anko ni 92 au 93. Kifuniko kizima huyatia maji shinikizo mpaka yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kikilegea, umebaki na sufuria ya ugali ndani ya boneti. Raba ya kile cha anko ilikuwa imekatika kama sandali ya zamani. Nikanunua kingine Grogan kwa shilingi mia kadhaa. Anko alifurahi sana. Akaiosha gari, akapiga picha sita, akaweka tangazo.

Tukaipeleka mlimani. Ikachemka.

Kikafuata rejeta. Ukizima injini ikiwa bado moto, ukapitisha kiganja polepole juu ya uso wake, pale utakapokuta baridi ndipo pameziba. Theluthi nzima ya chini ilikuwa baridi. Miaka mingi ya kuongeza maji ya popote, ya mtaro, ya bomba la petroli stesheni, bila kulanti, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya hoteli. Ikaoshwa, ikazibuliwa. Pesa kidogo zaidi, na uso wa anko ukapunguza tabasamu kidogo.

Halafu themostati. Nikafungua nyumba yake nikakuta hamna kitu. Mtu aliitoa zamani akaitupa, jinsi mafundi wetu wengi hufanya: gari inachemka, toa themostati, maji yapite huru, mteja alipe aende. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafungwa ili ipate joto haraka; joto likifika, kwa hii injini ni karibu nyuzi 88, unafunguka. Ukiutoa, injini hukaa baridi kwa muda mrefu, inakula mafuta, inachakaa. Tena kwenye injini nyingi huo mlango ukifunguka huziba njia ya mkato, kwa hiyo ukiutoa, sehemu ya maji huzunguka ndani kwa ndani bila kupitia kwenye rejeta. Yaani dawa yenyewe huongeza homa. Nikanunua mpya, nikaipima jikoni kwa shangazi kwenye sufuria. Maji yalichemka, yakachemka, nayo ikafunguka kidogo tu, kama mtu anayechungulia. Nilikaribia kuirudisha dukani kabla sijakumbuka kwamba kule juu maji hayafiki mbali na hizo 88. Ilikuwa nzima. Sufuria ndiyo ilikuwa ya Limuru.

Na wakati nikitoa hewa kwenye mfumo, kifundo kimoja juu ya rejeta, kingine juu ya nyumba ya themostati, unamimina polepole hadi viputo viishe, nikaona waya. Waya wa kihisi cha joto, ule unaoendesha sindano ya dashibodi, ulikuwa umechomolewa na kufungwa kwa selotepu nyeusi. Haukukatika kwa uzee. Mtu alikuwa ameufunga vizuri, mizunguko mitatu minne, kwa upendo kabisa.

“Aa, hiyo,” anko akasema. “Ile sindano ilikuwa inatusumbua.”

Nilicheka siku hiyo. Baadaye sikucheka. Nilikumbuka muhula wangu wa mwisho chuoni. Matokeo ya mtihani yalitoka kwenye potali ya wanafunzi na mimi sikuyafungua. Nilijua jinsi nilivyoandika ile mitihani. Mama akiuliza, nilimwambia, “Sijaona bado.” Ilikuwa kweli. Niliitunza hiyo kweli kwa miezi minne kama yai. Halafu karo ya muhula uliofuata ikawa taabu kuipata, nikasema ni karo, nikaacha. Watu wakiniuliza kama nilifeli huwa nasema sijui, na mpaka leo ni kweli, sijui. Kwa hiyo sina haki kubwa ya kucheka selotepu ya mtu.

Basi Alhamisi. Kifuniko kipya, rejeta imezibuliwa, themostati imo, waya umerudi. Tukapanda mlima na magunia mawili ya mchanga. Sindano ikasimama katikati mpaka karibu na kilele, halafu ikaanza kutambaa. Haikuchemka. Lakini tulipofika nyumbani nikabana paipu ya mpira ya juu, ilikuwa ngumu kama rungu, na asubuhi maji yalikuwa yamepungua bila tone lolote chini. Maji yanayopungua bila kuvuja yanaenda mahali. Nikamwambia anko nataka kufanya kipimo kimoja cha mwisho: unawasha injini ikiwa baridi kabisa, kifuniko kikiwa wazi, unatazama maji. Viputo vikija mfululizo, na vikiongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo si hewa iliyobaki. Ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Gasketi imeungua, au hedi imepata ufa.

Ndipo akasema hilo neno.

Mwaka wa kwanza chuoni tulikuwa na somo moja la falsafa, la lazima, saa moja asubuhi, ambalo nusu ya darasa walilala. Mimi nakumbuka kisa kimoja tu. Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza anayeitwa William Clifford aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Anaanza na mwenye meli. Meli ni kuukuu, imefanyiwa matengenezo mara nyingi, na inakaribia kuondoka imejaa wahamiaji. Mwenyewe ana wasiwasi. Kuipima ni gharama. Basi anajizungumzia: imeshavuka dhoruba ngapi, si itavuka na hii? Mungu hawezi kuziacha hizi familia. Pole pole wasiwasi unaisha, anaamini kwa moyo mweupe kabisa, anaiaga meli pwani. Inazama. Analipwa bima.

Clifford anasema huyu ana hatia ya vifo vile, na kwamba kuamini kwake kwa dhati hakumsaidii kitu, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini. Tena anaongeza kitu ambacho kiliniamsha kwenye kiti: hata meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ile ile. Hangejulikana tu.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliona hiyo ni hesabu safi. Sasa nina maswali na Clifford. Mwenye meli wake ana pesa. Kwake, kujua ni usumbufu. Kwa anko, kujua kuna bei, na bei yenyewe hupanda kila hatua. Kifuniko, mia kadhaa. Rejeta, elfu kadhaa. Kufungua hedi, kuipeleka kupimwa na kupigwa randa, gasketi, boliti mpya, hiyo ni karibu nusu ya karo tunayoitafuta, na yote hayo kabla hujapata mnunuzi. Ukimwambia mtu maskini lazima ajue kila kitu kabla ya kufungua mdomo, umemwambia anyamaze milele. Hakuna anayeuza mbuzi baada ya kumpiga eksirei.

Hata sheria imelielewa hilo kwa namna yake. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, tuliyorithi kwa Waingereza, humwacha kwa sehemu kubwa mtu anayenunua kitu kuukuu kwa mtu binafsi ajihadhari mwenyewe. Matangazo yetu husema “inauzwa ilivyo.” Sawa. Lakini kile kipimo cha viputo hakikuwa na bei. Hilo ndilo lililonikwama kooni. Kuwasha injini, kufungua kifuniko, kutazama kwa dakika tano. Bure. Anko hakusimama pale kwa sababu pesa iliisha. Alisimama kwa sababu jibu lilikuwa mlangoni linabisha hodi.

Na hapo naona kuna tofauti kati ya sijui mbili. Kuna sijui ya mtu ambaye amefika mwisho wa uwezo wake. Huyo anaweza kukuonyesha mahali aliposimama: nilipima hiki na hiki, hapa sikufika. Kuna sijui nyingine ambayo mwenyewe hawezi kukuonyesha aliposimama, kwa sababu akikuonyesha tu utajua kila kitu. Hiyo ya pili ni kujua kulikovishwa koti. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini huyo mficha maradhi walau alishapimwa. Methali ya yule anayekataa kwenda hospitali kwa sababu “watanipata na kitu” sijawahi kuisikia, na wamejaa kila familia. Kwetu tulimzika mmoja. Tulisema alikufa ghafla.

Kuna wanaonijibu kwamba haya ni mambo ya gari tu, wacha noma. Ni gari, ndiyo. Mnunuzi aliyekuwa anakuja Jumamosi alikuwa mwalimu wa upande wa Suswa. Alikuwa ameniambia kwenye simu anataka kubebea mapipa ya maji, na siku za soko majirani na watoto wao. Pale katikati hakuna kanisa la kukaa kivulini. Na injini ikipoteza maji haikuonyi vizuri. Kihisi kikibaki kwenye mvuke badala ya maji, sindano inaweza hata kushuka wakati hedi inaiva.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, nilitoka nje na tochi. Sikumwambia mtu. Nikafungua kifuniko, nikawasha. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kiputo kimoja, kama samaki. Nikavuta waya wa mafuta kwa kidole, na maji yakaanza kutokota yakiwa bado baridi ya Limuru, baridi ya kuuma vidole. Nikazima. Nikakaa kwenye ngao ya mbele mpaka kukapambazuka. Nilikuwa nimemwondolea anko kile alichojikinga nacho na yeye alikuwa bado amelala.

Sikumwambia Ijumaa yote. Sijivunii hilo. Nilijiambia kwamba akiwa hajui, basi yeye atauza kwa dhamiri safi na uchafu utabaki kwangu, kama vile dhamiri ni sahani za kugawana zamu ya kuosha.

Mwalimu alikuja na kaka yake, wameshaenda benki. Akazunguka gari, akapiga teke magurudumu, kama wote. Akauliza, “Haina shida ya joto hii? Hizi huwa zinachemka.”

Anko akasema, “Tumeweka rejeta safi, themostati mpya, kifuniko kipya. Shida nyingine mimi sijui.”

Kila neno lilikuwa kweli.

Mwalimu akanigeukia. “Na wewe kijana? Si wewe ndiye fundi?”

Ningeweza kusema mimi ni mwandishi. Badala yake nikamwambia, “Mwalimu, iko baridi sasa. Kuja uangalie mwenyewe.” Nikafungua kifuniko, nikaiwasha. Tulisimama wanne kuzunguka boneti kama watu walio kwenye kaburi. Viputo vikaja. Kaka yake, ambaye alikuwa na matatu zamani, akasema “Hedi” na hakuongeza kitu.

Walikaa kando wakazungumza kwa Kimaasai. Wakarudi na bei mpya, pungufu ya shilingi laki moja na nusu. Anko alichukua, kwa sababu karo ilikuwa Jumatatu. Hakunitazama wakati wa kuhesabu. Hakuniita nyumbani kwa muda wa miezi mitatu, na shangazi alinitumia ujumbe mmoja tu: “Ulikuwa na haki lakini hukuwa na adabu.” Bado nafikiria kama vitu hivyo viwili vinaweza kutenganishwa hivyo. Kama ningemwambia Ijumaa asubuhi, angekuwa na siku nzima ya kuamua kuwa yule mtu anayerudisha chenji. Nilimnyima hiyo siku. Nilikuwa mkweli kwa mgeni kwa kumvizia mtu wa damu yangu, na hilo sijui Clifford angeliweka wapi.

Mwezi wa nne, simu ya Mwalimu. Alikuwa amefungua hedi. Gasketi ilikuwa imeungua, lakini pia kulikuwa na ufa kati ya vali za silinda ya tatu. Hedi haitengenezeki, ilibidi atafute nyingine, na hiyo peke yake ilipita ile laki na nusu.

“Uliniambia ni viputo,” akasema. “Hukuniambia ni ufa.”

Nikamwambia viputo vinaweza kuwa kimoja au kingine, na kwamba bila kufungua hakuna mtu angejua. Akanyamaza kidogo. Kwa upande wake ng'ombe walikuwa wanalia.

“Lakini ulidhani ni nini?” akauliza. “Siku ile. Wewe mwenyewe ulidhani ni nini?”

Nilikuwa nimedhani ni ufa. Kwa jinsi maji yalivyotokota haraka, nilidhani hivyo tangu alfajiri ile.

Nikamwambia.